Kidonge, chungu na mbwa: kila kimoja na kazi yake kwenye presha

Kosa linaloumiza wenye presha wengi ni kuacha dawa siku mashine inapoonyesha namba nzuri. Mtu kaona 124/78, kafurahi, kaviweka vidonge kabatini. Namba ile ilikuwa nzuri kwa sababu dawa ilikuwa mwilini. Amlodipini, dawa ya presha, hutoka mwilini polepole, kwa siku kadhaa, kwa hiyo akipima kesho yake bado yuko sawa na anaamini kapona. Baada ya wiki mbili yuko 160 na hana habari, maana presha ya kupanda mara nyingi haiumi popote. Kuumwa kichwa si kipimo cha presha, na kutoumwa kichwa si dalili ya kupona.

Basi tuanze na kupima, kwa sababu namba ya uongo huharibu yote yanayofuata. Tumia mashine ya mkono wa juu, si ya kifundo cha mkono. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa kwenye kiti chenye mgongo dakika 5, miguu yote miwili sakafuni bila kupishanisha, mkono uegemee meza ukiwa usawa wa moyo. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya shati. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo, mashine itasoma juu kuliko ukweli, na kuna watu wameongezewa dawa kwa sababu ya mkanda tu. Usiongee. Kahawa, sigara na mazoezi viwe vimepita nusu saa. Pima mara 2 kwa kupishana dakika 1, asubuhi kabla ya kumeza dawa na tena jioni, siku 7. Zitupe namba za siku ya kwanza, zilizobaki tafuta wastani. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135/85 kwenda juu ni presha. Kituoni mpaka ni 140/90, tena kwa vipimo vya zaidi ya siku moja. Peleka daftari hilo kliniki, litamsaidia daktari kuliko kipimo kimoja ulichopimwa ukiwa umetoka kugombania daladala.

Sasa jikoni. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, na hapo imehesabiwa iliyofichwa kwenye vyakula vya dukani. Hakuna anayepima chumvi kwa mizani kila siku, kwa hiyo tumia hesabu ya pakiti: andika tarehe juu ya pakiti ya nusu kilo siku unapoifungua. Watu wazima wanne wakila kiwango hicho chote kutoka kwenye pakiti, itaisha kwa siku 25. Kwa kuwa mnakula pia mkate, soseji na vidonge vya mchuzi, inatakiwa ifike mwezi na zaidi. Ikiisha wiki mbili, mmejua tatizo lilipo.

Chumvi ya mawe, ya bahari au ya rangi ya waridi, kwa presha ni ileile. Na kuna chumvi ambayo haionekani kama chumvi: magadi. Kinachopandisha presha ni sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, na magadi yamejaa sodiamu. Kijiko cha chai cha magadi meupe ya dukani, yale ya kuokea, kina zaidi ya nusu ya sodiamu iliyo kwenye kijiko kama hicho cha chumvi. Mama anaweza kupunguza chumvi kwenye makande kwa moyo wote halafu akaharibu kwa magadi. Loweka maharage na mahindi usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya. Yataiva bila magadi.

Papa mkavu na nguru wa chumvi si lazima waondoke mezani, hasa kwa watu wa pwani. Loweka saa kadhaa, badilisha maji mara 2, chemsha kidogo na umwage, kisha usiweke chumvi wala kidonge cha mchuzi kwenye nazi yake. Kachumbari iwe na ndimu na pilipili tu. Embe bichi la chumvi la barabarani ni la kuacha kabisa. Weka chumvi mwishoni chakula kinapokaribia kuiva, kwa kuwa ulimi huionja zaidi na utahitaji kidogo. Tangawizi, kitunguu saumu, ukwaju, giligilani na pilipili manga vitaziba pengo. Wiki za kwanza chakula kitakuwa chapwa. Vumilia, baada ya wiki tatu au nne ulimi huzoea, na chakula cha zamani kitakuwa kikali mdomoni.

Kupunguza ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kuongeza. Jaribio la mlo uitwao DASH, lililochapishwa Marekani mwaka 1997, lilishusha namba ya juu ya presha kwa takribani 11 kwa wenye presha katika wiki 8, bila hata kupunguza chumvi: mboga nyingi, matunda, jamii ya kunde, maziwa yasiyo na mafuta mengi, mafuta kidogo. Kwetu hiyo ni mchicha, matembele, maharage, ndizi, viazi vitamu na papai. Madini ya potasiamu yaliyomo husaidia figo kutoa sodiamu. Ila mwenye figo zilizochoka, au anayetumia dawa za losatani, enalaprili au spironolaktoni, aulize kabla ya kununua chumvi mbadala ya potasiamu au kunywa madafu kila siku; potasiamu ikizidi moyo unaweza kusimama.

Kwenye dawa, jaribio lililofanywa Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, na kuchapishwa 2019, lilionyesha kuwa kwa Waafrika weusi michanganyiko yenye amlodipini hushusha presha vizuri kuliko ule usio nayo. Ndiyo maana wengi huanzishiwa hiyo. Ikikuvimbisha miguu, si lazima figo ziwe zimekufa, ni tabia ya dawa yenyewe. Rudi kliniki dozi ipunguzwe au dawa ibadilishwe. Usijinunulie dawa ya kukojoza kutibu uvimbe huo, haitausaidia sana na itakupotezea chumvi za mwili. Enalaprili na lisinoprili huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu, na wako waliotibiwa mafua na kifua miezi mingi bila mtu kuuliza wanameza nini. Midomo au ulimi ukivimba, hiyo ni dharura. Mwanamke anayetaka kushika mimba aseme mapema, maana enalaprili, lisinoprili na losatani hudhuru mtoto tumboni.

Dawa ya kukojoza imezwe asubuhi. Ukisahau dozi, meza ukikumbuka siku hiyohiyo; kesho usimeze mbili. Atenololi, dawa nyingine ya presha, haiachwi ghafla. Na diklofenaki au ibuprofeni za mgongo na magoti hupandisha presha na kuidhoofisha dawa yako, kwa hiyo mwambie muuza duka la dawa una presha kabla hajakufungia. Chai ya rosela ni nzuri, inywe bila sukari, lakini isichukue nafasi ya kidonge.

Mashine ikisoma 180/120, pumzika na upime tena. Ikibaki hapo, muone daktari siku hiyo. Ikiambatana na maumivu ya kifua, pumzi kubana, mdomo kupinda au upande mmoja kulegea, ni hospitali dakika hiyo.

Mnyama anaingia wapi? Utafiti uliochapishwa 2001 uliwahusu madalali wa hisa 48 wa New York wenye presha. Wote walipewa lisinoprili, nusu yao wakapewa pia mbwa au paka wa kufuga. Presha ya kupumzika ilishuka kwa wote. Lakini walipotiwa kwenye msongo, presha ya wenye mnyama haikupanda sana kama ya wenzao. Dawa ilishusha sakafu, mnyama alipunguza mawimbi. Hawezi kushika nafasi ya dawa.

Mbwa wa kufungwa mnyororo kutwa hakusaidii, na akibweka usiku kucha anakukosesha usingizi, na usingizi mbovu hupandisha presha. Anayesaidia ni yule wa kutembea naye dakika 30 kwa mwendo wa haraka, siku 5 kwa wiki. Hizo ni dakika 150 zinazoshauriwa. Nyumba isiyofuga mbwa, paka anatosha: kaa naye dakika 15 jioni, simu ikiwa mbali. Mwenye pumu achague samaki wa kufuga. Mbwa au paka achanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka na apewe dawa ya minyoo; akikung'ata, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha nenda ukachanjwe. Mjamzito asiguse mavi ya paka. Kama chakula cha mnyama kitakula hela ya vidonge, usifuge. Na mkirudi matembezini, subiri nusu saa ndipo ufunge mkanda wa mashine, paka asiwe mapajani.