Jibu: Tabuleti kwa mtoto wa gredi ya 4, sasa au baadaye?

Ndugu, umeuliza iwapo binti yako wa gredi ya 4 hapo Kondele, Kisumu, anunuliwe tabuleti sasa au asubiri. Kwa maoni yangu, asubiri. Tangu mwaka wa 2016, serikali ilipoanza kusambaza tabuleti katika shule za msingi za umma (Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret kilikuwa miongoni mwa waliopewa kandarasi), imedhihirika kwamba kifaa hufaa pale tu mwalimu anapojua ni somo gani linalokihitaji, umeme upo, na kuna fundi wa kukitengeneza kinapoharibika. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalipeperushwa hata redioni, na mtoto aliyekuwa na mzazi wa kumuuliza maswali baada ya kipindi alinufaika bila kifaa cha bei ghali. Kwa sasa simu yako inatosha, mradi mwitumie pamoja. Akifika gredi ya 10, hasa akichagua mkondo wa sayansi na teknolojia, mnunulie kompyuta, hata kuukuu, kwa kuwa ripoti ndefu haziandikiki vyema kwa kugusagusa kioo.