Dereva Ametozwa Faini: Je, Fidia Yangu Niidai kwa Nani?

SWALI: Ndugu wakili, mimi ni mama lishe wa Mbagala, Dar es Salaam. Mwaka jana, nikiwa abiria wa bodaboda na bila helmeti, tuligongwa na daladala iliyohama njia ghafla karibu na Rangi Tatu. Nilivunjika mguu wa kulia na hadi leo sijaweza kurudi kwenye biashara. Dereva alikiri kosa la kuendesha kwa uzembe, akatozwa faini. Nilipokuwa nimelazwa aliniletea shilingi 200,000 na karatasi ambayo niliwekea dole gumba bila kusomewa. Mwenye gari anasema hahusiki, kwa kuwa dereva si mwajiriwa wake bali humletea hesabu tu, yaani fedha za kila siku. Je, nina haki ya kudai?

JIBU: Pole sana, mama. Haki unayo, na hoja ya mwenye gari ni dhaifu kuliko anavyokuaminisha.

Faini ilikwenda serikalini kama adhabu ya kosa la jinai, wala haipunguzi hata shilingi moja ya anachodaiwa dereva kwa kukuumiza. Hukumu yenyewe, hata hivyo, ina thamani kubwa kwako. Sheria ya Ushahidi inasema kwamba hukumu ya jinai, muda wa kuikatia rufaa ukishapita, ni ushahidi usiopingika kuwa aliyetiwa hatiani alitenda kosa hilo. Omba nakala yake iliyothibitishwa, pamoja na PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi) na ramani ya eneo la ajali iliyochorwa na polisi, ili dereva asije akasimama katika shauri la madai na kukana uzembe aliokwisha kuukiri.

Kuhusu hesabu, nitakaa hapa kidogo, maana nimeona majeruhi wengi wakikata tamaa kwa kuambiwa maneno hayo hayo. Sheria yetu ya uzembe haikutungwa yote na Bunge. Sehemu yake kubwa ni kanuni zilizojengwa na majaji wa Uingereza na kupokelewa Tanganyika kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na maamuzi ya huko yaliyofuata, ingawa hayazifungi mahakama zetu, husikilizwa kwa uzito. Mwaka 1972 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua shauri la mke ambaye gari lake lilichukuliwa na mumewe kwenda kunywa pombe, mume akamwachia rafiki usukani na ajali ikatokea. Mke hakuwajibika, kwa sababu safari ile haikuwa shughuli yake wala hakumtuma mtu. Sasa tazama daladala. Gari limetolewa asubuhi na tajiri, yaani mwenye gari, ili lizunguke, likusanye nauli na jioni limletee fedha. Dereva yuko barabarani kwa shughuli ya tajiri na kwa faida ya tajiri. Kukosekana kwa mkataba wa ajira wa maandishi hakubadili ukweli huo. Pagumu ni pale ambapo dereva alimkabidhi gari deiwaka, yaani dereva wa kushikia kwa muda, bila mwenye gari kujua, lakini barua yako haielezi jambo la namna hiyo. Washtaki wote wawili, dereva na mwenye gari.

Helmeti itatajwa, nawe usiogope. Sheria inaruhusu fidia ipunguzwe pale ambapo majeruhi mwenyewe amechangia madhara, na mahakama ya Uingereza iliwahi kumpunguzia asilimia 15 mwendesha pikipiki ambaye hakuvaa helmeti. Huyo, hata hivyo, aliumia kichwani. Wewe umevunjika mguu, na helmeti hailindi mguu. Kosa lisilo na uhusiano na jeraha linalodaiwa halipaswi kupunguza fidia ya jeraha hilo.

Karatasi ndiyo inayonitia wasiwasi. Tafuta nakala yake leo. Ikiwa inasema umepokea fedha za matibabu, hiyo ni risiti, na kiasi hicho kitatolewa kwenye fidia. Ikiwa inasema umemaliza madai yako yote, upande wa pili utaitumia kama ngao, na utalazimika kuonyesha kwamba hukuridhia kwa hiari: ulikuwa na maumivu, hukusomewa, pengine ulidanganywa kuhusu yaliyomo. Sheria ya Mikataba haitambui ridhaa iliyopatikana kwa hila au shinikizo, lakini utahitaji shahidi, kwa mfano muuguzi au mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Daladala hairuhusiwi kuwa barabarani bila walau bima ndogo, ile ya kufidia watu wengine wanaoumizwa na gari, ambayo ipo kwa ajili ya watu kama wewe. Pata jina la kampuni ya bima kutoka polisi, uiandikie mapema kabla ya kufungua shauri, kwa kuwa wajibu wake wa kulipa hukumu unategemea pia kupewa taarifa. Kila risiti ya dawa, nauli na fimbo ya kutembelea itunze, kwani Mahakama ya Rufani imesisitiza mara nyingi kwamba hasara mahususi, yaani fedha halisi ulizotumia au kupoteza, hutajwa na kuthibitishwa moja moja. Muda wa kufungua shauri ni miaka 3 tangu ajali, na mazungumzo na mwenye gari hayausimamishi. Kama huna fedha za wakili, omba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

SWALI: Mwanangu wa miaka 7 aliingia kucheza kwenye jengo linalojengwa jirani, akatumbukia katika shimo lisilofunikwa na kuvunjika mkono. Mkandarasi anasema mtoto aliingia bila ruhusa. Je, hoja hiyo inatosha?

JIBU: Haitoshi. Zamani aliyeingia bila ruhusa hakuwa na ulinzi karibu wowote, lakini mwaka 1972 majaji wa Uingereza walimpa haki mtoto wa miaka 6 aliyeungua kwenye reli ya umeme baada ya kupita mahali ambapo uzio ulikuwa umeharibika na wahusika walijua watoto hupita. Ubinadamu wa kawaida uliwataka wachukue hatua. Kwako, swali kuu ni kama mkandarasi alijua watoto huchezea hapo. Piga picha za shimo na uzio kabla havijarekebishwa, na uwaombe majirani waliowaona watoto humo waandike maelezo yao. Shauri hufunguliwa kwa jina la mtoto kupitia kwako, na ingawa ukomo wa muda hauanzi kuhesabika dhidi yake hadi atimize miaka 18, usisubiri, kwani shimo litafukiwa na mashahidi watahama.