Lagos hakufungwa kwa sababu ya maoni yake

Umeuliza iweje mbunge wa Bunge la Ulaya, Ioannis Lagos wa Ugiriki, afungwe "kwa siasa zake tu". Sivyo ilivyokuwa, ndugu yangu.

Lagos aliingia bungeni Athens mwaka 2012 kupitia Golden Dawn, chama cha mrengo mkali wa kulia kilichowaandama wahamiaji na wapinzani wake mitaani. Septemba 18, 2013, mwanamuziki Pavlos Fyssas alichomwa kisu akafa huko Keratsini, ndani ya jimbo la Lagos mwenyewe. Aliyemchoma, Giorgos Roupakias, alikuwa wa tawi la chama la Nikaia, mtaa wa jirani. Ndipo dola ilipoamka, na kwangu mimi ilichelewa mno: wavuvi wa Misri walikuwa wameshapigwa na watu wa chama hicho usiku nyumbani kwao Perama mwaka mmoja kabla.

Kesi ya viongozi na wanachama wa Golden Dawn ilianza 2015. Oktoba 7, 2020 mahakama ilitamka kwamba chama kile kilikuwa genge la uhalifu, na Lagos akahukumiwa zaidi ya miaka 13 kama mmoja wa viongozi wake. Roupakias alipewa kifungo cha maisha.

Lagos alikuwa amechaguliwa kwenda Ulaya 2019, akajificha nyuma ya kinga ya ubunge huko Brussels. Wabunge wenzake waliiondoa kinga hiyo Aprili 27, 2021, akakamatwa siku hiyohiyo na mwezi uliofuata akarudishwa Ugiriki. Mama yake Pavlos, Magda, alihudhuria kesi hiyo kwa miaka yote mitano.