Siku zile nilimnunulia nani?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mnyama unayemfuga akiugua, utatumia kiasi gani kumtibu, na utasema basi lini? Swali hilo nimeshalijibu mara mbili maishani kwa fedha taslimu, na mara moja nilikosea.

Wa kwanza alikuwa paka dume wa miaka minne. Asubuhi moja nilimkuta amechutama kwenye beseni lake la mchanga, anajikamua, hakuna kinachotoka. Nikadhani choo kimekuwa kigumu. Wengi hudhani hivyo, na wengine humwacha mpaka kesho. Msimwache! Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba sana. Ikizibwa na ute au chembechembe, mkojo hurudi nyuma, figo hushindwa kazi, potasiamu hupanda kwenye damu mpaka moyo ukavurugika, na ndani ya siku mbili tatu umempoteza. Daktari wa mifugo aliushika mkono wangu akauweka tumboni mwa paka. Kibofu kilikuwa kigumu kama jiwe.

Gharama aliyonitajia ilizidi mshahara wangu wa mwezi. Nilikubali, kwa sababu aliniambia jambo moja: akizibuliwa, paka huyu atarudi kuwa yule yule. Hakunificha kwamba ugonjwa huo hupenda kujirudia, akanieleza namna ya kumfanya anywe maji zaidi. Paka wangu aliishi miaka tisa baada ya siku ile. Sijutii hata senti moja.

Wa pili alikuwa mbwa jike wa miaka kumi na minne, na yeye ndiye aliyenifanya niandike barua hii. Alianza kunywa maji kupita kawaida, kisha akawa anatapika, akakonda mpaka uti wa mgongo ukahesabika kwa vidole. Figo. Ubaya wa figo ni kwamba hazilalamiki mapema: kipimo cha kreatinini, taka ya kwenye damu ambayo figo huichuja, huanza kupanda wakati karibu robo tatu ya uwezo wake imeshapotea. Daktari alinieleza hivyo waziwazi, kwamba tutakachotibu ni kile kidogo kilichobaki. Mimi katika maneno yake yote nilisikia neno moja tu, dripu.

Wiki tatu nilimpeleka na kumrudisha. Akiba ilipoisha nikamkopa kaka yangu. Miguu ya mbele ilinyolewa manyoya yote miwili, kwa sababu mshipa wa mmoja ulikuwa umechoka kuchomwa. Mbwa huyu, tangu akiwa mdogo, akisikia mnyororo wake ukilia kwenye msumari nyuma ya mlango alikuwa anakuja mbio, maana ulikuwa ni wakati wa kutembea. Wiki ya tatu niliushika mnyororo ule, ukalia, naye akajikokota akaingia chini ya kitanda, akageukia ukuta. Nikamvuta. Nilimvuta, Mhariri, nikampeleka kuchomwa tena. Alikufa siku nne baadaye, usiku, sikuwepo.

Siku zile sikumnunulia yeye. Nilijinunulia mimi, nisije nikawa ndiye niliyesema basi.

Baadaye sana nilikutana na kipimo alichokitunga daktari wa wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, mwaka 2004. Kina mambo saba: maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kila jambo unalipatia alama kuanzia 0, hali mbaya kabisa, hadi 10, hali njema kabisa, na jumla ikizidi 35 kuna sababu ya kuendelea kumuuguza. Nilikaa na kalamu nikamhesabia mbwa wangu wiki yake ile ya tatu. Alipata 14.

Kwa hiyo sasa siulizi bei kwanza. Namuuliza daktari: akipona, atakuwa mnyama wa namna gani, na kwa muda gani? Katika kumi uliowatibu wakiwa na hali hii, wangapi walitoka? Majibu yakiwa mazuri, nitauza hata kitanda. Yakiwa mabaya, fedha nyingi hazitayageuza.

Na asiye nazo? Namwambia asione haya kumtajia daktari kiasi alicho nacho. Mara nyingi ipo njia ya pili: dawa ya kuzuia maumivu na kutapika, maji ya kuwekwa chini ya ngozi ukiwa nyumbani. Ila asimpe mnyama vidonge vyake mwenyewe. Paracetamol humuua paka. Hata sindano ya mwisho ni tiba. Ni dawa ya usingizi iliyozidishwa kipimo, mnyama hupoteza fahamu kabla moyo haujasimama. Wanaosema "ni mnyama tu" sina la kuwajibu, lakini wanaosema "ukimpenda kweli hutahesabu fedha" wamewaumiza watu wengi, na wanyama pia.

Sasa tuna mtoto wa mbwa. Chanjo za parvo, ugonjwa wa virusi unaomharisha mbwa damu, ameshapata zote, kwa sababu chanjo ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kumlaza mbwa anayeharisha damu. Juzi mimi na mume wangu tumeandika nyuma ya kadi yake ya chanjo kiasi ambacho hatutakizidi, na chini yake yale maswali mawili. Mume wangu alitaka kiasi kikubwa zaidi, mimi nikakataa. Tulibishana jioni nzima, na mbwa mwenyewe amelala juu ya miguu yangu.