Cheti cha B2 Hakitoshi: Kwa Wauguzi Wanaojiandaa Kuja Ujerumani

Dada mmoja muuguzi aliyeko Kisumu ameniandikia akiuliza kama cheti cha Kijerumani cha daraja la B2, yaani la nne kati ya madaraja sita ya kupima lugha, kitamtosha akija kufanya kazi huku. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin mwezi Septemba 2024, maswali ya namna hii yameongezeka, nami nalijibu hili hadharani kwa kuwa najua wanaoliwaza ni wengi kuliko wanaothubutu kuuliza.

Cheti hicho utakihitaji ili diploma yako ya uuguzi itambuliwe. Lakini mwalimu wangu wa Nairobi alikuwa akizungumza Kijerumani sanifu, taratibu, huku akinitazama usoni, ilhali wazee wa wodi yetu karibu na Stuttgart huzungumza Kiswabia, lahaja yao ya nyumbani, tena wengine wakiwa wamevua meno ya bandia. Wakati wa kukabidhiana zamu alfajiri, hali za wagonjwa wote husomwa kwa kasi na kwa vifupisho ambavyo hakuna kitabu kilichonifundisha.

Hata hivyo, si lahaja iliyoniumiza. Nyumbani nilikuwa nikiongoza zamu za usiku na kupokea majeruhi wa ajali za barabarani, lakini huku, nilipokuwa nikisubiri kutambuliwa, nilihesabiwa kuwa msaidizi tu. Kila simu ya wodi ilipolia mkononi mwangu, mwenzangu mmoja aliichukua bila kuniuliza, mbele ya wagonjwa, hadi wagonjwa nao wakazoea kumngoja yeye. Ile ilikuwa dharau, na mpaka leo sijapata jina jingine la kuiita.

Nilimwendea msimamizi wa wodi nikaomba simu ikae kwangu zamu nzima. Kila daktari aliyepiga nilimweleza kwamba nitamrudia maagizo yake neno kwa neno, na hakuna aliyekataa, kwani kurudia maagizo ya dawa ni usalama wa mgonjwa katika nchi yoyote ile. Leo wageni wanapofika wodini, mimi ndiye ninayewafundisha kukabidhi zamu.

Nawasihi pia msijifungie vyumbani mkiongea na nyumbani hadi usiku wa manane. Ukiwa huku, mwenye siku ya kuzaliwa ndiye anayewaletea wenzake keki kazini. Mimi nilipeleka mahamri ya iliki, nikaketi nayo mezani badala ya kuyaacha na kurudi wodini, na siku hiyo ndipo nilipoulizwa kwa mara ya kwanza habari za watoto wangu. Kaeni kwenye meza ile, hata siku ambazo hamwelewi kinachochekwa.

Nawe dada yangu wa Kisumu, kabla hujatia saini mkataba, mwulize mwajiri kwa maandishi ni nani atakayelipia masomo ya lugha baada ya B2, na ni saa ngapi kwa wiki utakazoachiwa kwa ajili ya masomo hayo.