Uliza Mkunga: Malezi nayo yanafundishwa?

*Mkunga mstaafu wa Moshi anajibu barua za wasomaji.*

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni dereva wa bodaboda, kijiwe changu kiko Pasua hapa Moshi. Mke wangu anauza mitumba soko la Memorial, na tuna mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na miezi miwili. Mchana anabaki na binti wa kazi. Sasa mhudumu wa afya wa mtaa amemwandikisha mke wangu kwenye kikundi cha malezi, kila Jumatano saa tisa alasiri, muda ambao wateja ndio wanaanza kuja. Akirudi ananiambia tumwimbie mtoto, tucheze naye, tumnyang'anye simu ya katuni. Mama yangu alitulea saba kule Kibosho bila semina ya mtu yeyote na wote tuko hai. Je, malezi nayo ni ya kufundishwa? Au kuna watu wanakula hela za wafadhili kupitia kwetu?
*Baba wa Mmoja, Pasua*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hilo la wafadhili nitalifikia, maana si la kupuuza. Tuanze na mama yako.

Mama yako hakulea saba peke yake. Alipojifungua aliwekwa ndani, akapikiwa mtori, akafuliwa nguo, na hakuna aliyemuuliza lini atarudi shambani. Bibi yako alikuwa kihamba kilekile, yaani shamba la migomba la nyumbani, au cha jirani. Kulikuwa na mawifi, na ninyi wakubwa mkibeba wadogo mgongoni. Mtoto wa Kibosho wa siku zile alisemeshwa kutwa nzima, Kichaga kikimmiminikia kutoka kila upande, na hakuna aliyejua kwamba anafundisha. Mke wako ana nani? Ana chumba cha kupanga na binti ambaye mwenyewe bado anahitaji kulelewa. Kikundi hakimfundishi kumpenda mwanawe, hilo analijua. Kinajaribu kumrudishia wale watu. (Na hilo la "wote tuko hai" uliseme taratibu mbele ya wakunga. Tunazijua nyumba ambazo haziwezi kulisema.)

Mnachoelekezwa wataalamu wanakiita malezi yenye mwitikio. Mtoto akitoa sauti, unamjibu. Akinyoosha kidole kwa kuku, unamwambia kuku yule, anakula, amekimbia. Inaonekana kitu kidogo, lakini miaka hii ya mwanzo ndiyo ubongo unajengeka kwa kasi ambayo haitarudi, na unajengeka kwa kujibizana na mtu. Katuni haijibu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa mwaka mmoja haishauriwi akalishwe mbele ya simu au televisheni, na akifika miwili isizidi saa 1 kwa siku.

Kama unataka ushahidi, upo, na si wa jana. Miaka ya 1980 huko Kingston, Jamaica, walichukuliwa watoto 129 waliodumaa, wa umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya wa jamii, saa 1 kila wiki kwa miaka 2. Mhudumu alikaa chini na mama na mtoto, wakacheza kwa vitu vilivyotengenezwa kwa mabaki ya nyumbani. Watafiti waliwafuatilia watoto hao mpaka ukubwani. Baada ya miaka 20 hivi, waliochezeshwa walikuwa na kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakuchezeshwa.

Sasa hapo ndipo hoja yako ya wafadhili inapata nguvu. Ni kila wiki, miaka miwili. Nimekaa kwenye semina za siku moja zenye bango kubwa, maji ya chupa, picha ya pamoja na bahasha ya nauli, na ukipita mtaani mwezi unaofuata humkuti mtu aliyebadilisha chochote. Hiyo mnaweza kuiacha bila kujuta. Kikundi cha mke wako kinakutana kila wiki na anayekiendesha anaishi mtaa wenu. Mimi ningekipa nafasi. Uliza mambo mawili tu: je, mhudumu huja nyumbani kumwona mtoto, na je, akiona mtoto hasimami au hasikii vizuri, anampeleka wapi? Wakikujibu kwa kutaja kituo cha afya na jina la mtu, kaa. Wakianza kukuomba mchango wa kujiandikisha, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata ukaulize. Serikali inayo Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8, kwa hiyo hutakuwa unauliza jambo geni.

Lakini barua yako ina kitu kikubwa kuliko wafadhili. Aliyeandikishwa siye anayeshinda na mtoto! Mke wako anatoka asubuhi, anarudi giza limeingia. Saa zote ambazo mtoto yuko macho, yuko na yule binti, na simu ya katuni ameshika yeye kwa sababu hakuna aliyemwonyesha njia nyingine ya kumtuliza. Mpelekeni yeye Jumatano, mke wako abaki na wateja wake. Kama hajafikisha miaka 14 basi hiyo ni habari nyingine: sheria hairuhusu kumwajiri, na huyo anatakiwa awe shuleni.

Halafu na wewe. Pale kijiweni mnakaa muda gani mkisubiri abiria huku mkibishana Simba na Yanga? Pitia kikundini hata nusu saa. Utakuta wanawake peke yao, na ninakuhakikishia hakuna aliyekatazwa kuleta mume. Saa tisa ilipangwa na mtu anayetaka kuwahi kurudi ofisini, kwa hiyo ombeni ihamishiwe Jumapili baada ya ibada. Siku hiyo hata wewe huna kisingizio.

Vitu vya kuchezea usinunue. Mtengenezee mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba za mgomba. Chupa ndogo ya maji yenye punje chache za mahindi inatosha kuwa kayamba, ila kifuniko kikazwe hasa na mtu mzima awepo, maana punje moja ikiingia kooni tutaandikiana barua nyingine. Vifuniko vya soda weka mbali.

Na kadi ya kliniki usiifungie kabatini. Akifikisha mwaka mmoja na nusu ana chanjo ya pili ya surua na rubela. Wazazi wengi wakishachanja ile ya miezi tisa hawaonekani tena. Mpeleke wewe kwa pikipiki yako, polepole, mama yake akiwa amempakata.

SWALI: Nafanya kazi kwenye shamba la maua karibu na Usa River, na nategemea mapacha. Msimamizi anasema likizo ni siku 84, asiyetaka aache kazi. Nifanyeje?
*Mama Mapacha Mtarajiwa, Arusha*

JIBU: Hongera sana, mwanangu. Siku 84 ni za mtoto mmoja. Anayejifungua zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja anapata siku 100 zenye malipo, ndivyo inavyosema Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Ukirudi kazini ukiwa unanyonyesha, unastahili hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Mumeo kama ameajiriwa ana siku 3, azichukue ndani ya siku 7 tangu mjifungue. Andika barua ya taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya makadirio, ambatisha cheti cha daktari, na nakala igongwe muhuri wa mapokezi. Msimamizi akiikataa, anza na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi hapo shambani, kisha CMA Arusha, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi.