Maswali na majibu: gari la zamani lisikuache njiani

Fundi, nimenunua gari la mwaka 1968. Injini inaunguruma vizuri, lakini nataka kuliamini kwa safari ndefu. Niifungue injini yote?

Usiifungue, ndugu yangu. Injini inayowaka vizuri, haitoi moshi na presha yake ya oili iko sawa, iache ifanye kazi. Magari ya umri huo hukwama zaidi kwa mipira na nyaya kuliko kwa pistoni. Shika kila paipu ya petroli na ya maji, ikunje taratibu kwa vidole. Ukiona nyufa nyembamba kama za tope lililokauka, hiyo imekwisha. Petroli yenye ethanoli hula mipira ya zamani, kwa hiyo paipu mpya ya petroli iwe imeandikwa 30R9.

Paipu za breki zina hila. Nje zinaonekana nzima, kumbe ndani zimevimba. Unaachia pedali na gurudumu bado limebanwa. Kama hujui zilifungwa lini, toa zote. Mwaga na mafuta ya breki yaliyomo, maana mafuta ya aina ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewani. Kwenye mteremko mrefu unyevu huo huchemka na pedali inazama hadi sakafuni. Yabadilishe kila baada ya miaka 2, na usiyachanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni. Mimi humaliza breki kabla sijagusa kitu kingine.

Betri ni mpya, lakini starta inazunguka kwa uchovu na taa ni hafifu. Tatizo nini?

Mara nyingi ni ethi, yaani waya unaorudisha umeme kutoka bodi ya injini hadi nguzo hasi ya betri. Chukua mita, iweke kwenye volti. Waya mmoja gusisha bodi ya injini, mwingine nguzo hasi ya betri. Chomoa waya mnene wa koili, kifaa kinachokuza umeme wa cheche, ili injini isiwake, kisha mtu apige starta. Mita ikisoma zaidi ya volti 0.5, umeme unapotelea njiani. Fungua bolti ya ethi. Chini yake utakuta kutu au unga wa kijani. Piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi juu. Taa zikibaki hafifu, ziwekee rilei, yaani swichi ya umeme inayobeba mzigo wa taa, kwa sababu katika magari mengi ya zamani umeme wote wa taa hupita kwenye swichi yenyewe na kuichosha.

Likipata moto linazima. Likipoa linawaka kama kwamba hakuna kilichotokea. Nimeshabadilisha pampu ya petroli.

Pole, dada yangu, najua uchungu huo. Gari langu lilinifanyia hivyo hivyo: nikafunga pampu mpya, nikasafisha kabureta mara mbili, na kosa lilikuwa kondensa, kikopo kidogo cha umeme ndani ya distribyuta, ile inayogawa cheche kwa plagi. Usibahatishe. Lichunguze palepale linapozima, kabla halijapoa. Chomoa plagi moja, irudishe kwenye waya wake, ilaze juu ya chuma cha injini mbali na petroli, mtu apige starta. Cheche isipoonekana, shuku kondensa au koili. Ikionekana kali, huenda petroli imegeuka mvuke ndani ya paipu. Iondoe karibu na ekzosi, na kama kuna bati la kuzuia joto lililotolewa, lirudishe.

Je, nitoe platinamu, ile swichi ndogo ndani ya distribyuta inayokata umeme wa koili, niweke mfumo wa cheche wa elektroniki?

Weka. Hakuna tena platinamu ya kuchakaa wala mwanya wake wa kupima. Hakikisha tu koili inaendana na kifaa hicho, na usiache swichi ya ufunguo ikiwa imewashwa wakati injini haizunguki, maana kinaweza kuungua. Platinamu ya zamani na kondensa nzima viweke kwenye buti pamoja na bisibisi.

Matairi yangu bado yana kashata nzuri. Yanatosha?

Soma ubavuni mwa tairi tarakimu 4 za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT (hapa si mafuta ya breki): 2312 ni wiki ya 23 ya mwaka 2012. Likipita miaka 10, litoe hata kama linaonekana jipya.